Chembe ya Chumvi, Bonge la Magadi

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi simu iliita nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja una soksi na mwingine hauna. Aliyepiga alikuwa jirani wa mama yangu kule Mwimbi.

"Kaka, njoo sasa hivi. Bibi ameanguka njia ya kisimani. Hasemi, macho yamegeuka, mwili wote ni barafu. Kijiji kizima kiko hapa kinalia."

Jirani huyu ni mama wa Kisukuma. Familia ya mume wake ilihamia Mwimbi na ng'ombe wao zamani kidogo, wakapata eneo la kulima karibu na mama, na tangu hapo wanaishi kama ndugu. Ni mwema kuliko baadhi ya ndugu zangu wa damu. Tatizo lake ni moja: hawezi kusimulia jambo kwa ukubwa wake. Ndama mmoja akikawia kurudi, kwake zizi lote limeibwa.

"Hapo alipo, nani yuko naye karibu?" nikamuuliza.

"Mimi na wanangu wawili."

Basi hicho ndicho kilikuwa kijiji kizima. Nikamshukuru, nikavaa soksi ya pili, nikamwambia mke wangu kwamba mama ameanguka lakini habari yenyewe imepita kinywani mwa jirani, kwa hiyo tuigawe kwa mbili kwanza.

Kugawa huko sikukuanza siku hiyo. Nauza vipuri vya baiskeli hapa Chanji, Sumbawanga mjini. Shule niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifunza dukani, asubuhi za masika ambazo hakuna mtu wa kuja kununua mnyororo, kwa kutumia kamusi kuukuu isiyo na jalada. Humo, chini ya neno la Kiingereza lenye maana ya chumvi, nilikuta msemo ambao Waingereza wanautumia kila siku: habari fulani ipokee pamoja na chembe ya chumvi. Maelezo yake yalisema kwamba maana ni kutoiamini habari yote kama ilivyoletwa.

Mara ya kwanza nilidhani kamusi imekosea. Kwetu anayetia chumvi ni msemaji. Mtu akiongeza maneno tunamwambia usoni, huku tunacheka, kwamba anatia chumvi. Wao chumvi wameiweka mkononi mwa msikilizaji. Nililifikiria jambo hilo kwa siku kadhaa nikiwa nakaza spoku, na mwisho nikaona kwamba misemo hii miwili haigombani. Wetu unakishtaki kinywa, wao unalielekeza sikio. Wetu hauna kipimo, mtu anaweza kutia kiganja kizima. Wao una kipimo, na kipimo hicho ndicho kilichonipendeza: chembe moja, au wakizidi sana, kile kinachoshikwa kati ya kidole na gumba. Maana yake chakula hukitemi. Unakila. Unajua tu kwamba peke yake hakikutosha. Habari inayohitaji gunia la chumvi ndipo imezwe si habari tena, na hapo mtu aseme tu kwamba ni uongo.

Asili ya msemo niliitafuta pia. Inasemekana mfalme mmoja wa kale aliogopa kulishwa sumu, akawa na dawa ya kinga iliyopondwa kwa majani na matunda makavu, na mwisho wa maelezo ya dawa hiyo iliandikwa iongezwe chembe ya chumvi. Habari hiyo yenyewe niliipokea kwa chembe ile ile, kwa kuwa kila nilipoisoma ilisimuliwa tofauti.

Matumizi yake kwa mji kama wetu ni mengi. Muuza mbegu anasema mahindi haya yanavumilia ukame, baridi na panya. Wakala wa basi anasema gari linaondoka saa kumi na mbili kamili. Watumishi wa serikali wanaohamishiwa huku kutoka Mbeya wanafika wakiwa wamejazwa habari za Sumbawanga, kwamba watu wetu wanarushiana radi kama mawe. Mmoja aliwahi kukaa dukani kwangu akisubiri pancha ya baiskeli yake izibwe, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mambo ya radi ni kweli. Nikamwambia radi ipo, hasa mvua ikinyesha. Alicheka, lakini alilipa haraka akaondoka.

Kwa miaka mingi msemo huo ulikuwa fahari yangu ndogo. Baadaye uliacha kuwa msemo, ukawa namna masikio yangu yanavyofanya kazi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba unachosha. Mtu anayepima kila neno kabla ya kulimeza hapumziki hata mezani kwake.

Nilifika Mwimbi mchana. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwake, amejifunika kitenge kwa sababu ya upepo, anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Duka umemwachia nani?"

"Nimeambiwa umeanguka."

"Nilikaa chini. Kukaa siku hizi kunaitwa kuanguka?"

Jirani alitoka nyuma ya nyumba na kikombe cha uji. "Alianguka, kaka! Ndoo ilikwenda huko, yeye huku!"

"Ndoo ndiyo iliyoanguka," mama akasema. "Mimi niliifuata taratibu."

Nikaona nimegawa vizuri. Hata hivyo, kwa kuwa nauli nilishalipa, nikamchukua mpaka zahanati apimwe. Mhudumu alifunga mkono wa mama, akapima, akatazama mashine, akafungua, akafunga mkono wa pili, akapima tena. Namba ya juu ya presha ilikuwa mia moja na tisini. Alituuliza nani amekuja naye na kama tuna usafiri wa kufika mjini siku ile ile.

Kwa hiyo jirani alikuwa ametia chumvi kwenye macho, kwenye barafu na kwenye kijiji kizima, lakini hatari yenyewe hakuiongeza hata kidogo. Kwenye gari, mama akiwa ameniegemea begani, niliona kwamba msemo wangu una tundu. Unakuambia upunguze, haukuambii upunguze wapi.

Mjini walimpa vidonge, wakatuambia chumvi ipungue mpaka iwe kama haipo, na turudi kila baada ya wiki mbili. Mimi na mke wangu tukakubaliana kwamba mama hatarudi Mwimbi mpaka presha itulie. Kule anaishi peke yake, maji ni ya kufuata, na kutoka zahanati ile hadi hospitali ni safari. Nilimweleza jioni hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mvua zinakatika," akasema. "Ulezi wangu unaanza kukomaa. Nani atauvuna?"

"Tutatafuta watu."

"Watu watavuna ovyo. Ulezi hukatwa suke kwa suke, na mkono unaoujua." Kisha akaniuliza, "Namba ikishuka, naondoka?"

"Ikishuka, unaondoka."

"Umesema."

"Nimesema, mama."

Tangu siku hiyo hakuna kilichozungumzwa nyumbani kwangu isipokuwa namba. Mama alimeza vidonge kwa saa, bila kukumbushwa, kama mtu anayelipa deni ili apewe njia. Asubuhi alikaa juani upande wa barabara, akitazama kila gari dogo lenye vumbi jekundu, akikisia lipi limetoka Matai, njia ya kwao, na lipi limetoka kwingine. Usiku baridi ya uwanda wetu ilipoingia chini ya mlango, nilimsikia akigeuka kitandani, nikajua anahesabu masuke.

Kazi ya jikoni ilimwangukia mke wangu. Kwanza alipika chakula kimoja kisicho na chumvi kwa ajili yetu sote. Tulikaa mezani kama watu waliofiwa. Ugali wa ulezi hauhitaji chumvi, huo tuliumudu, lakini mboga ilikuwa kama kutafuna karatasi. Baadaye akaanza kupika mara mbili, chungu chetu na chungu cha mama, na yeye pia anauza nguo za mitumba sokoni na hurudi jioni miguu imevimba. Baada ya muda mama akamwambia, "Binti yangu, unachoka. Nipe kisufuria changu, mboga yangu nitapika mwenyewe. Chumvi funga kabatini kama unataka." Mke wangu alikubali kwa moyo wote. Mimi pia nilishukuru.

Dagaa wa chumvi tuliacha kununua. Samaki wa migebuka waliokaushwa tuliacha. Kopo la bluu la maziwa ya unga, ambamo chumvi ilikaa, lilihamia kabatini.

Wiki mbili zikapita, tukaenda kliniki: mia moja themanini na nane. Tukaongezewa kidonge. Wiki mbili nyingine: mia moja themanini na sita. Tukaongezewa tena. Muuguzi, mama wa makamo aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya, alimtazama mama kwa upole wa mtu aliyekwisha kudanganywa na wagonjwa wengi.

"Bibi, chumvi umeacha kweli?"

"Nimeacha."

"Kabisa?"

"Hata machozi yangu siyarambi."

Muuguzi alicheka. Mimi sikucheka. Sikio langu lilikuwa limeshaanza kazi yake.

Jioni hiyo mke wangu alinifuata uani nikiwa nanawa miguu.

"Baba, mama anakula chumvi."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Lakini wewe ndiye mwenye vitabu. Vidonge vinaongezwa, namba imekaa pale pale. Sisi tunatoka asubuhi, yeye anabaki na jiko. Unafikiri nini?"

Nilifikiri alichokuwa akifikiri. Nilichukua msumari, nikasawazisha chumvi ndani ya kopo, nikakwaruza mstari mahali ilipofikia. Kila jioni mke wangu alipomaliza kupika nilisawazisha tena na kukwaruza mwingine. Nilitaka kujua kama kati ya jioni moja na nyingine inashuka. Haikushuka. Mtu mwenye akili iliyotulia angeishia hapo, aseme mama kasema kweli. Mimi nikasema basi anapata kwingine. Labda dukani. Labda kwa mama wa jirani wa hapa Chanji wanayepiga naye soga juani.

Mama aliikuta ile mistari. Usiku, wakati wa kula, alilisogeza kopo mbele yangu.

"Hii ni kalenda?"

Mke wangu akainama.

"Mama, tunataka upone," nikasema.

"Nimekuuliza kuhusu kopo."

"Namba haishuki. Kama kuna mahali unaonja kidogo, tuambie tu. Hatutagomba."

Kisha akasema kwa Kifipa, pole pole, jambo ambalo kwa Kiswahili ni hivi: nilikuzaa, nikakunyonyesha, nikakufundisha neno la kwanza, na leo maneno yangu unayapima kama mchele wa mchuuzi. Akanawa mikono, ugali ukiwa nusu, akaenda kulala. Mke wangu aliosha vyombo bila kunitazama. Tulikuwa tumechoka wote watatu, na uchovu wenyewe ulikuwa wa watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyelala siku hiyo akiwa amefanya jambo baya kwa makusudi.

Siku zilizofuata mama aliongea na mimi kwa heshima, na hiyo ndiyo adhabu. "Asante baba." "Ndiyo baba." Hakuniuliza tena kuhusu magari ya Matai.

Kisha kukatokea msiba Mpui, kwa upande wa mke wangu, akaondoka kwenda kukaa huko siku za matanga. Nikabaki na mama na jiko. Siku ya kwanza nilifunga duka mapema nikarudi kumpikia, kwa sababu asubuhi alikuwa amelalamikia kichwa. Nilimkuta ameshachambua majani ya kunde, yamelowa kwenye sufuria.

"Kaa, mama. Leo napika mimi."

"Wewe?"

"Nielekeze."

Nadhani hilo lilimfurahisha kidogo. Alivuta kigoda karibu na jiko la mkaa akaanza kutoa amri. Maji yasizidi. Mfuniko usifunike kabisa, majani yatapoteza rangi. Nyanya bado. Halafu akasema, "Sasa weka magadi."

"Yako wapi?"

"Hapo dirishani, kwenye kikombe. Usimwage mchanga wake. Chukua maji ya juu tu."

Dirishani kulikuwa na kikombe kilichovunjika mkono, ndani yake bonge la magadi limelowekwa, maji yametulia juu na uchafu umekaa chini. Kikombe kile nilikuwa nimekiona kila siku. Kila nyumba ninayoijua Ufipa ina kikombe kama hicho. Hakuna mboga ya majani wala maharage yanayoiva kwa heshima bila magadi. Majani yanabaki magumu, mlenda hautelezi, maharage yanamaliza mkaa. Nilimimina kidogo. Mboga ikatoa povu, ikawa ya kijani kibichi.

"Ongeza."

Nikaongeza. Mama alichovya ncha ya kijiko, akaonja, akafumba macho.

"Ongeza tena. Zamani nilikuwa naweka kidogo, lakini sasa mmeninyima chumvi, lazima magadi yaongezwe ndipo ikolee."

Ikolee. Nilisimama na kikombe mkononi. Hilo ni neno tunalolitumia kwa chumvi. Alikuwa anaonja kama anavyoonja chumvi, anaongeza kama anavyoongeza chumvi, mpaka ulimi utosheke kama unavyotosheka na chumvi. Nilichovya kidole kwenye kikombe nikalamba. Ni kweli si chumvi. Kuna uchungu na kuna sabuni ndani yake. Lakini nyuma ya sabuni kulikuwa na kitu ninachokijua.

"Mama, haya unaweka kila siku?"

"Kuna siku isiyo na mboga?"

"Mke wangu anajua?"

"Ndiye ananinunulia. Bonge la mia mbili kila wiki. Nyumba nzima inajua. Magadi si chumvi." Kisha sauti yake ikawa ngumu. "Au unataka kuyachorea mistari nayo?"

Hakuna aliyemficha mwenzake kitu. Tulikuwa tumeambiwa tuache chumvi, tukaacha chumvi, na hakuna mtu wa huku ambaye ukimtuma alete chumvi atakuletea magadi. Nilikaza macho kwenye kopo, nikachora mistari, nikapima maneno ya mzazi wangu, na muda wote kikombe kilikuwa dirishani kwenye mwanga.

Hata hivyo sikutaka kuhukumu kwa ulimi wangu peke yake. Siku ya kliniki ilikuwa imefika. Muuguzi alipima: mia moja tisini na mbili.

"Bibi, vidonge?"

"Nameza."

"Chumvi?"

Mama akaninyooshea kidole. "Muulize huyu. Ndiye askari wa kopo."

"Chumvi hali," nikasema. "Nimehakikisha. Lakini nilitaka kuuliza. Na magadi?"

Muuguzi alikuwa anaandika. Akaacha.

"Mnaweka kwenye nini?"

"Mboga, maharage."

"Mara moja moja?"

"Kila siku," mama akasema. "Na siku hizi nimeongeza, maana mmeninyima chumvi."

Muuguzi aliweka kalamu chini, akajishika shavu. "Bibi yangu. Kile kinachopandisha presha kwenye chumvi, kwenye magadi kimo pia. Mwili haujui kwamba kule dukani vinauzwa kwa majina mawili." Kisha akanigeukia. "Na mimi sikuwauliza, baba. Kwetu Mbeya tunaweka vile vile. Mama yangu mzazi namwambia kila nikipiga simu apunguze chumvi, na magadi sijawahi kumtajia hata siku moja. Leo nitampigia."

Nje ya dirisha watu walikuwa wanaitwa kwa zamu.

"Kwa hiyo sikuiba," mama akasema.

"Hukuiba, mama."

"Sema kwa sauti, huyu binti asikie."

"Mama yangu hajaiba chumvi," nikasema, na mgonjwa aliyekuwa mlangoni akageuka kutuangalia.

"Umesikia?" mama akamwambia muuguzi. "Andika na hilo."

Mke wangu aliporudi kutoka Mpui nilimweleza kabla hajavua khanga ya msiba. Alikaa kwenye kigoda kile kile. "Na mimi ndiye niliyekuwa nayabeba kutoka sokoni," akasema. Alichukua kikombe dirishani akamwaga uani, akatoa kopo la bluu kabatini akaliweka mahali pake pa zamani, wazi, kwenye rafu. Kesho yake alipika mboga kwa karanga za kusaga, nyanya nyingi na ndimu, akampelekea mama na kusimama mlangoni akisubiri.

Mama alimega, akachovya, akatafuna kwa muda mrefu.

"Hiki ni chakula cha wagonjwa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Haya. Mimi si mgonjwa?" Akamega tena.

Sisemi magadi peke yake ndiyo yaliyokuwa yanampandisha. Vidonge vilikuwa vimeongezwa, na huenda navyo vilikuwa vimeanza kushika. Naandika nilichokiona. Wiki mbili baadaye namba ilikuwa mia moja sitini na tano. Wiki mbili nyingine ilikuwa mia moja arobaini na nane. Muuguzi alisema vidonge visikatishwe, apimwe kule zahanati yao kila mwezi, na kwa upande wake haoni sababu ya kumzuia. Mama alisimama kabla sentensi haijaisha.

Ulezi ulikuwa umeshaanza kuvunwa. Aliondoka alfajiri iliyofuata kwa gari la kwanza. Stendi palikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Nilimfungia vidonge kwenye mfuko, nikamweleza tena habari za maji, za kuchota kidogo kidogo, za kumtuma mtoto wa jirani. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua.

"Na magadi, mama."

"Sitaweka."

Niliona sikio langu linaanza. Pale pale, mama akiwa mguu mmoja ndani ya gari, sikio lilikuwa linauliza: ataishije bila magadi, nani atamwona, maharage ataivisha na nini? Yeye pia aliliona.

"Unapima," akasema.

"Hapana."

"Unapima, nakuona. Basi nitakutumia."

Sikuelewa atatuma nini. Gari likaondoka.

Wiki iliyofuata, siku ya gulio la kwao, jirani alipiga simu jioni. "Kaka! Bibi amekata ulezi shamba zima peke yake, watu wanashangaa!" Nikamuuliza watu gani. Akasema yeye na wanawe wawili. Tukacheka wote, na nilipokata simu niligundua kwamba nimeipokea habari ile vizuri. Nilipunguza shamba, nilipunguza watu, furaha yake niliibakiza nzima.

Kesho yake kondakta wa gari la Mwimbi alisimamisha gari mbele ya duka langu akagonga bodi lake kwa kiganja.

"Mzee, una mzigo kutoka kwa bibi. Kasema nikupe mkononi, nisimpe mtu mwingine hata kama ni mkeo."

Kilikuwa kitambaa kidogo cha kitenge kilichopigwa fundo. Nililifungua juu ya meza ya vipuri. Ndani kulikuwa na sarafu ya shilingi mia mbili.

"Hiyo ndiyo mali aliyonitisha nayo njia nzima?" kondakta akauliza. "Mia mbili?"

"Ni ya magadi," nikamwambia. "Hajanunua."

Akarudi kwenye gari lake.

Jioni nilimwonyesha mke wangu. Alikuwa amechoka, amelaza miguu kwenye beseni la maji ya moto. Aligeuza sarafu mkononi. "Anaweza kutuma hii na akanunua mengine kwa hela nyingine," akasema, si kwa ubaya.

"Anaweza."

"Na wewe unaamini?"

Nilifikiri kwanza, kwa sababu siwezi kuacha kufikiri. Baadaye, mwezi ulipoisha, zahanati walimpima, wakamwambia namba iko pale ilipokuwa. Lakini mke wangu aliponiuliza, habari hiyo ilikuwa bado haijaja. Nilikuwa na sarafu tu na neno la mama.

"Naamini," nikasema.

Wiki ya pili kondakta alileta fundo jingine, na ya tatu, na baada ya hapo akaacha kuuliza, analitupa dirishani bila gari kusimama, akipiga kelele, "Magadi hayo!" Sarafu naziweka kwenye kopo la bluu, maana chumvi tulihamishia kwingine na mistari ya msumari bado inaonekana kwa ndani. Leo limefika fundo la sita. Nimemimina kopo mezani nikahesabu: shilingi elfu moja na mia mbili.